Uzi maalumu wa The X-Files: kanda za mjomba, jamaa anayekula maini, na kwa nini steringi ni Scully

FailiLaChini (mleta mada)

Wakuu salaam. Leo sina siasa wala sina Simba na Yanga, nimekuja na ugonjwa wangu wa tangu shule ya msingi, nataka nijue humu ndani niko peke yangu au kuna wagonjwa wenzangu mmejificha. Naongelea The X-Files. Ile tamthilia ya maajenti wawili wa FBI, Mulder na Scully, ofisi yao iko chini kabisa ya jengo kama stoo, kazi yao kufukua mafaili ambayo wenzao yamewashinda wakayatupa huko. Mizimu, watu wa anga za juu, minyoo ya kwenye barafu ya Alaska inayoingia mwilini inafanya watu wauane, kila takataka ilikuwa mezani kwao.

Sasa mimi niliijulia wapi. Sisi ni watu wa Tanga, mjomba wetu alikuwa anafanya kazi Maskati, na kila akipata mtu anayekuja nyumbani anampa mzigo, halua, udi wa bibi, na kanda za video. Kule wana dishi, na mjomba alikuwa mgonjwa kuliko mimi, basi anarekodi. Tatizo kanda zenyewe ni za dakika 180 na anarekodi na matangazo yote, halafu anawahi kubonyeza mapema asije akakosa mwanzo, matokeo yake anakosa mwisho. Yaani unafika pale pale roho iko juu, kanda inafika mwisho, deki inalia kraaaa inaanza kujirudisha yenyewe. Nimekulia kwenye hiyo hali. Ninyi mnaolalamika bando limekata katikati hamjui mateso.

Zilikuwa kanda saba, kaziandika namba kwa peni nyekundu. Namba 2 ilitafunwa na deki ikawa ina mikunjo, namba 5 mwanzo wake umechakaa ikabidi kila siku dada aipeleke mbele kwanza ndo tukae, namba 7 kuna mtu simtaji alirekodia juu yake harusi ya shangazi, Mulder anaingia kwenye handaki ghafla unaona taarabu na watu wanatunza. Kwenye skrini chini kulikuwa na maandishi ya Kiarabu ya kule kule, na bibi yangu alikuwa anazijua herufi kutoka chuo cha Kurani ila maana hazijui, kwa hiyo akipita sebuleni anatuambia msikae kihasara mbele ya maandishi yale. Maandishi yenyewe yanasema "ini lake limeliwa" hahaha.

Kiingereza sisi wadogo zero. Mtafsiri alikuwa dada yangu, yupo kidato cha pili, ndo DJ wetu, rimoti iko mkononi mwake na tunaelewa kile anachotaka tuelewe.

Kwa wale wa juzi, The X-Files ilianza Septemba 1993 kwenye kituo cha Fox, mtunzi Chris Carter, ikaenda sizoni tisa mpaka 2002, ikalala, ikarudishwa 2016 episodi 6 na 2018 episodi 10, jumla 218, na muvi mbili za sinema, 1998 na 2008. Mulder ni David Duchovny, Scully ni Gillian Anderson. Mulder anaamini kila kitu kwa sababu dada yake Samantha alichukuliwa mbele ya macho yake mwaka 1973 akiwa na miaka nane, na hajawahi kupona. Scully ni daktari, kaletwa na wakubwa ili amchunguze Mulder na aseme haya mambo yote ni upuuzi. Hapo ndo utamu unapoanza.

Hoja yangu nitaiweka post inayofuata, nipo kwenye daladala, simu asilimia 9.

mzee wa bando

Nimekaa mkao wa kula mkuu. Weka vitu

Kidagaa

Hii si ile ina mluzi wa kutisha mwanzoni? Mama yangu alikuwa akisikia ule mluzi anazima tivii anasema unaita vitu

FailiLaChini

Kidagaa ndo hiyo hiyo, na mama yuko sahihi, mluzi usiku hauchezewi. Aliyeutunga anaitwa Mark Snow, kafariki mwaka 2025, Mungu ampumzishe. Ile mwangwi unaojirudia nyuma aliipata kwa bahati tu, kiwiko kiligusa kinanda wakati mtambo wa mwangwi uko wazi, akasikia, akasema hii hii. Mambo mengine huwezi kuyapanga.

Haya nimefika home simu iko chaji. Tuanze na Tooms.

Kanda namba 4, episodi ya mwisho kwenye kanda. Inaitwa "Squeeze", ni ya tatu kabisa tangu tamthilia ianze na ndo ya kwanza isiyohusu watu wa anga. Mji wa Baltimore, watu wanauawa ndani ya vyumba vilivyofungwa kwa ndani, mlango mzima, dirisha zima, mtu kalala chini ini hakuna. Mulder anakuta alama ya kidole kwenye tundu la hewa, kidole kirefuuuu kama kimevutwa. Anafukua mafaili anakuta alama zile zile kwenye mauaji ya 1963, na ya 1933. Kila baada ya miaka 30, maini matano, halafu kimya. Muuaji ni jamaa mmoja anaitwa Eugene Tooms, kijana tu ukimuona, anajinyoosha anapita kwenye bomba, akishakula matano anarudi kwenye kiota chake amekijenga kwa magazeti na nyongo analala miaka thelathini. Anakuja kumvamia Scully bafuni kwake, Mulder anawahi, pingu, jela.

Na hapo kanda ikakata!

Yaani tunamuona yuko selo, anachana magazeti anayalamba, Mulder na Scully wanaongea pale nje, kraaaaa. Mimi nikamwambia dada huyu lazima atoke, mtu anapita kwenye tundu la hewa atashindwa nini na jela? Dada akasema jela ni jela, ile selo haina tundu, kuta nzima, mlango chuma, hadithi imeisha. Tukabishana mpaka bibi akaingilia. Tukawekeana dau, atakayekosea aoshe vyombo mwezi mzima. Sasa mwisho hatuna, tutajuaje? Dada akapitisha kwamba kisa kimeishia pale tulipoona, kwa hiyo mtu yuko ndani, kwa hiyo nimeshindwa. Mimi nipo darasa la nne nitamwambia nini mtu wa sekondari. Nikaosha.

Na kwa kweli lile jibu lilinisaidia, maana kabla ya hapo nilikuwa naziba tundu za hewa za chumbani na kanga za bibi, nalala jasho linanitoka. Dada aliposema jela ni jela nikaanza kulala.

Songa mbele mpaka 2011, nipo chuo Dar, nimejaza fleshi pale kwa jamaa wa muvi, sizoni ya kwanza nzima. Nafika kwenye Tooms, selo, magazeti, Mulder na Scully wanaondoka, na kumbe kuna dakika moja na kitu mbele. Mlinzi anafungua kidirisha chembamba cha kwenye mlango, anasukuma sahani ya chakula. Tooms anakitazama kile kidirisha. Anatabasamu.

Wakuu sikulala. Mtu mzima nina ndevu, nimesimama juu ya kitanda cha hosteli naangalia feni.

Nyuki Mweusi

😂😂😂 umeosha vyombo bure mkuu, dai fidia

Mlamba Asali

Chai. Darasa la nne unaangalia watu wanakula maini na bibi yupo sebuleni? Bibi yangu angevunja deki

FailiLaChini

Mlamba Asali bibi alikuwa anatuachia kwa sababu ya yale maandishi, nimeshasema. Alijua ni mawaidha.

Na Tooms anarudi baadaye sizoni hiyo hiyo, episodi imebeba jina lake, wanamfanyia kikao wanamuachia huru kabisa kwa mlango wa mbele, mwisho anasagwa chini ya ngazi za umeme za kwenye duka kubwa. Hapo ndo bosi wao Skinner anaonekana kwa mara ya kwanza.

Sasa hoja yangu. Watu wengi ukiwaambia X-Files wanakuambia ahaa ile ya Mulder. Mulder ndo anatajwa, Mulder ndo ana bango la kisahani cha angani ukutani limeandikwa anataka kuamini. Mimi nasema steringi ni Scully na nina ushahidi.

Angalia episodi ya 13 ya sizoni ya kwanza, "Beyond the Sea". Scully kalala kwenye kochi usiku, anafumbua macho anamkuta baba yake kakaa kitini mbele yake, midomo inatembea ila sauti haitoki. Simu inalia. Ni mama yake, anamwambia baba yako hatunaye. Huyu ni Scully, daktari, mtu wa vipimo, na kitu kimemtokea yeye mwenyewe hawezi kumsimulia mtu. Halafu kuna mfungwa anasubiri kuuawa kwa gesi, jina lake Boggs, anadai anaongea na wafu, na anamwita Scully kwa jina la utani ambalo baba yake tu ndo alikuwa anamwita. Mulder, yule yule Mulder anayeamini mpaka minyoo, safari hii anasema huyu tapeli usimsikilize. Wamebadilishana viti. Mwisho Boggs anamwambia njoo siku ya kuuawa kwangu nikupe maneno ya baba yako. Na Scully haendi.

Haendi wakuu! Mulder anamuuliza baada ya yote uliyoyaona kwa nini huwezi kuamini, anamjibu naogopa. Anaogopa kuamini. Mimi nikaiangalia hiyo mwaka ambao marehemu baba yangu hana hata miezi sita kaburini na nilizima laptopu nikaenda kukaa nje.

Mulder kuamini ni rahisi kwake, ndo maumbile yake, hakimgharimu kitu. Scully kila akikubali jambo moja anapoteza kitu. Na anavaa msalaba shingoni muda wote, yeye mwana sayansi ndo mwenye dini, Mulder mwenye kuamini majini hana hata dini. Hilo hawakulisema kwa maneno, wameliacha uone mwenyewe.

Na mjue mwanzo wenye kituo hawakumtaka Gillian Anderson, walitaka mwanamke wa aina ile ya matangazo ya ufukweni, Chris Carter akakomaa. Alikuwa na miaka 24. Mfupi mpaka kwenye kupiga picha anasimamishwa juu ya kisanduku awe karibu na Duchovny. Mshahara wakamlipa chini ya mwenzake, na 2016 walipotaka kurudi kasimulia mwenyewe kwamba walianza na ofa ya nusu ya Duchovny. Miaka 23 baadaye! Akakataa. Akapata mimba wakati wa sizoni ya kwanza, badala ya kumtoa wakaandika kwenye sizoni ya pili kwamba katekwa na viumbe, na kile kisa cha kutekwa ndo kikawa uti wa mgongo wa sizoni zote zilizofuata. Tumbo la uzazi limetunga tamthilia.

bibie_maabara

Hapa umenigusa. Mimi ni mtu wa maabara na nilisoma sayansi kwa ajili ya huyu mama, sijawahi kumwambia mtu maana watanicheka. Na sio mimi tu, taasisi ya mwigizaji Geena Davis ilifanya utafiti 2018 wakakuta wanawake wengi walio kwenye sayansi wanamtaja Scully, wanaita kabisa athari ya Scully.

FailiLaChini

bibie_maabara dada yangu naye ni wa maabara, yuko hospitali moja kanda ya kaskazini, ila ukimwambia ni kwa sababu ya Scully anakasirika, anasema ni kwa sababu alifaulu baiolojia.

mzee wa bando

Wakuu naombeni msaada, zamani kwa jirani niliona kipande, jamaa ana gari, lazima aendeshe kwenda upande mmoja tu bila kusimama, akisimama kichwa kinapasuka. Mulder yupo naye ndani ya gari kashikiwa bunduki. Ni X-Files au nachanganya? sikuona mwisho umeme ulikatika

FailiLaChini

Mzee wa bando karibu kwenye chama cha wasioona mwisho. Hiyo ni "Drive", sizoni ya sita, mwaka 1998. Lazima aende magharibi. Na magharibi ya Marekani mwisho wake ni bahari, kwa hiyo hesabu mwenyewe. Anakufa kabla Scully hajaweza kumfikia.

Sasa sikia utamu, yule dereva ni Bryan Cranston. Aliyeandika ni Vince Gilligan. Miaka baadaye Gilligan anatafuta mtu wa kuigiza Walter White, mwalimu wa kemia anayegeuka mpishi wa madawa, wenye kituo hawamtaki Cranston wanamjua wa vichekesho tu, akawaonyesha hiyo episodi. Yaani tamthilia ya Breaking Bad nzima imezaliwa pale.

mzee wa bando

ACHA! Walter White ndo yule??? Miaka yote

Mlamba Asali

Nakubali wahusika ila tusisifie tu. Mnakumbuka ile ya Mwafrika? Jamaa katoka Burkina Faso kaingia Philadelphia, anawaua vijana weusi anawanyonya rangi mwilini wanabaki weupe pee. Mtu mweusi mhamiaji ndo jini lenyewe. Mimi niliizima

FailiLaChini

Inaitwa "Teliko", 1996, na hapo sikupingi, ni moja ya zile naziruka. Walijaribu kuweka maneno kuhusu polisi kutojali vijana weusi wakipotea, Scully na Mulder wanaligusa, ila mwisho wa siku jini bado ni mgeni mwenye lafudhi. Na sisi tuliokuwa hapa 2007, 2008, tukasikia yale ya kanda ya ziwa, ndugu zetu wenye ualbino wanakatwa viungo, kisa cha mtu anatafuta rangi ya mwenzake ili apone hakikai vizuri tumboni. Mwandishi wa kule hakuyajua hayo, lakini mimi nimeiangalia nikiwa nayajua.

Wakati wakifika Afrika wanakuwa wavivu. Ivory Coast yao ni ufukwe mmoja, hema moja, nzige na watu wanakimbia, chini ya maji kuna chombo cha anga. Tunisia kwenye muvi ya kwanza ni mahindi katikati ya jangwa. Kwa upande mwingine wakija kwenye vijiji vya Marekani yenyewe wako vizuri sana, wanakijua kila kibanda cha mafuta.

mpemba_wa_ngambo

Mi nawashangaa nyote, mnahangaika na Baltimore. 1995 sie tulikuwa na faili letu. Popobawa. Nilikuwa na miaka kumi na mbili, Pemba nzima watu wanalala nje, moto umewashwa katikati, mabaraza yamejaa, wanaume wazima wanakumbatiana na mito. Ukisikia bati linagonga kila mtu anasoma Ayat al-Kursiy kwa sauti. Ikavuka Unguja ikafika mpaka Dar. Na ilikuwa ukiingiliwa lazima uwaambie watu, ukinyamaza anarudi. Hebu niambie Mulder angefanya nini hapo

FailiLaChini

Mulder angepanda boti ya kwanza angekuja kulala nje na nyinyi, tena angefurahi. Scully angekaa na wale walioingiliwa mmoja mmoja na daftari. Angewauliza ulikuwa umelala chali? Ulishindwa kujitikisa? Uzito kifuani? Angesema hili ni jinamizi, mwili umelala akili imeamka, na dunia nzima wanaliona, kila kijiji kinampa sura yake. Na angekuwa na haki kabisa, halafu usiku wa tatu bati lingegonga juu ya chumba chake na asingeandika kwenye ripoti.

Mhaya mpole

Na sisi je? Kashasha, kule Kagera, Januari 1962, shule ya bweni ya wasichana, watatu wakaanza kucheka. Wakashindwa kuacha. Mpaka shule inafungwa Machi wameshikwa 95 kati ya 159, na waliporudishwa makwao kicheko kikaenda nao vijijini. Madaktari wakaja wakapima damu wakatafuta sumu hamna kitu. Babu yangu alikuwa anasema hakikuwa kicheko cha furaha, walikuwa wanalia na kukimbia pia

FailiLaChini

Mhaya mpole hiyo nimeisoma, madaktari wawili waliiandika mwaka uliofuata kwenye jarida la tiba. Ni faili la kwanza la Scully kushinda bila ubishi, hofu ya pamoja, watoto wamebanwa na shule na nchi ndo imepata uhuru Desemba iliyotangulia. Ila fikiria ingepigwa vile walivyokuwa wanapiga zile sizoni tano za mwanzo, kule Vancouver, mvua, ukungu, tochi mbili gizani. Bweni usiku. Kicheko kimoja mbali. Walipohamia Los Angeles kuanzia sizoni ya sita, kwa sababu Duchovny kachoka kuishi mbali na mkewe, jua likaingia na tamthilia ikapoteza nusu ya woga wake. Jini mchana kweupe ni mtu tu amevaa plastiki.

Nyuki Mweusi

Mleta mada mbona hugusi habari kubwa yenyewe, yale mafuta meusi, nyuki, yule mzee wa sigara, mpango wa viumbe kuvamia dunia. Ndo X-Files hiyo

FailiLaChini

Nyuki Mweusi nakuheshimu na jina lako nimelielewa, lakini ule mpango mkubwa mimi naona waandishi wenyewe walipotea njia. Mpaka muvi ya 1998 bado unaushika. Baada ya hapo kila jibu linazaa maswali manne na lile la mwanzo wanalifuta. Halafu 2018 wanakuja kutuambia mtoto wa Scully baba yake ni yule mzee wa sigara! Miaka 25 mtu unamsindikiza bibie halafu unafanyiwa hivyo. Mimi mwisho wangu ni kabla ya hapo, yanayofuata siyatambui.

Zile za kisa kimoja ndo dhahabu. "Clyde Bruckman's Final Repose", muuza bima mzee ambaye akikutazama anajua utakufaje, kipaji kibaya kuliko vyote kwa muuza bima. Aliyeigiza, Peter Boyle, alipata tuzo ya Emmy, na mwandishi Darin Morgan naye akapata. Scully anamuuliza mimi nitakufaje, mzee anamjibu hufi. Basi. Anasema hufi wanaendelea na maongezi. Sizoni tatu baadaye kuna "Tithonus", mpiga picha asiyeweza kufa, anakimbizana na kifo miaka mingi, Scully anapigwa risasi mzee anamwambia usikitazame, kifo kinamchukua yeye badala yake. Unganisha mwenyewe. Wapo wanaosema ni utani tu wa mwandishi, mimi nimeshikilia hapo hapo, bibie hafi.

Kidagaa

Na nasikia inarudi, na yule muongozaji wa Black Panther

FailiLaChini

Ryan Coogler ndio, Chris Carter alilitaja 2023 na Coogler mwenyewe akathibitisha. Yule ana mkono, nampa nafasi. Ila atuwekee mvua.

bibie_maabara

Samahani mleta mada, nimerudi juu nikasoma post yako ya kwanza tena kwa sababu kuna kitu kinanisumbua.

Umesema Tooms ilikuwa mwisho wa kanda namba 4, ikakata dakika moja kabla. Na umesema kanda namba 5 mwanzo wake "umechakaa". Sasa mjomba kama alikuwepo nyumbani siku hiyo, kanda ikimwishia katikati angefanya nini? Angetoa haraka angeweka mpya.

Wewe uliuona huo uchakavu kwa macho yako? Au kuna mtu alikuwa na rimoti?

mzee wa bando

😳😳😳

Nyuki Mweusi

Weeeeee. Scully kaingia kwenye uzi

Mlamba Asali

Nafuta neno chai. Mkuu mpigie dada yako SASA HIVI

FailiLaChini

Nimepiga.

Kwanza alikuwa zamu ya usiku akadhani kuna msiba. Nikamuuliza tu moja kwa moja, kanda namba 5 mwanzoni kulikuwa na nini. Akanyamaza. Halafu nikamsikia anacheka kile kicheko cha kuziba mdomo, wagonjwa wasisikie.

Anasema zile kanda zilipokuja mimi nilikuwa chuo cha Kurani, yeye akaijaribu 5 peke yake. Inaanza na Tooms. Sahani, kidirisha, tabasamu. Anasema akanifikiria mimi na kanga za bibi kwenye tundu za hewa, na chumba tunalala wote, akaona huyu akikiona hiki hakuna atakayelala nyumba hii mpaka Ramadhani. Akatunga uchakavu. Na akawa anaupeleka mbele kila siku, miaka yote mpaka deki ikafa.

Nikamwambia sawa, hilo nimelielewa, ahsante dada. Na vyombo je? Ulijua nimeshinda, ukaniacha naosha mwezi mzima?

Akanijibu, "Ulikuwa huna ushahidi."

Mwezi mzima wakuu. Na masufuria ya pilau ya maulidi yamo humo humo.

Kanda anasema iko kwenye sanduku la bibi, Tanga. Mwenye deki inayofanya kazi aje inbox, naitaka hiyo dakika moja.